Niliinamisha Kichwa Tu

Kichwa nilichokiinamisha mbele ya Aoko katika gazeti la wiki jana, ndugu wasomaji, mpaka leo sijakiinua.

Barua zenu kwa mhariri nimezisoma. Mmoja wa Homa Bay ameniita nyoka. Mwingine wa Kakamega ameuliza kama kweli nina mama. Ninaye, tunaishi naye hapa Kaloleni, na tangu hadithi hii ianze kutoka gazetini ananipakulia chakula bila kunisemesha.

Kwa wale wanaoanza kunichukia leo, nitarudi nyuma kidogo ili tuende pamoja.

Mwaka jana, 1970, kikundi chetu cha hapa Kisumu kilikuwa kinatayarisha mchezo wa nyimbo na ngoma uliotungwa na Mwalimu Gordon Obiero. Katika mchezo huo ziwa limekauka. Mama mmoja anayafuata maji mbali na harudi. Binti yake anacheza ngoma tangu pazia lifunguliwe, hapumziki, na mwishoni anamlilia mama yake kilio cha msibani. Ziwa likisikia kilio hicho linarudi.

Ziwa ni sisi wengine wote. Tunalala sakafuni tumejifunika vitambaa vya buluu, tunaimba tukiwa tumelala, na binti akilia ndipo tunapoinuka. Asipolia, hatuinuki.

Binti huyo alikuwa Aoko, rafiki yangu. Mimi, Dorca, nilikuwa wimbi. Tena wimbi la nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo.

Wivu ulinila polepole. Kila hatua ya Aoko nilikuwa naijua. Nikiosha vyombo nyumbani miguu yangu ilikuwa inacheza ngoma yake, na mama akafikiri nina upele.

Kisha akaja Dishon. Huyu ni kijana wa Seme, kijiji kimoja na Aoko, naye ni mvuvi katika mashua ya Dunga, ufuko wa hapa Kisumu. Alinikuta mlangoni mwa ukumbi, anatafuna muwa, akaniambia, "Ambia Aoko mama yake ni mgonjwa kidogo. Malaria tu. Akipata nafasi aende kumwona." Akatema makapi, akaenda zake.

Hayo tu, wala hakuongeza.

Nami nikaingia ndani kumpa Aoko ujumbe. Lakini kabla sijaingia nilifungua kitambaa changu cha kichwa nikakifunga kiunoni, kama wanawake wanavyofanya wakienda msibani. Nikamshika mkono nikamwambia taratibu, "Dishon amekuja. Mama ni mgonjwa. Nenda nyumbani."

Aoko akaniangalia kitambaa. Akaniangalia uso. "Mgonjwa tu, Dorca?"

Nikainamisha kichwa.

Aoko akapiga ukelele ambao mpaka leo nikipita karibu na ukumbi ule nausikia. Akakimbilia basi la kwenda Seme. Kesho yake Mwalimu alinifunga mimi zile gara, njuga za chuma ambazo mchezaji huvaa miguuni.

Neno la uongo sikusema hata moja. Siku ya kwanza hilo lilinifariji.

* * *

Sasa tuendelee.

Watu hufikiri kucheza ni miguu. Ngoma ya yule binti ni pumzi. Unaimba huku unaruka, unatikisa mabega mpaka huyahisi tena, kisha unapanda juu ya kinu kilichopinduliwa na kuzunguka juu yake bila kutazama chini. Wapiga ngoma hawamwangalii Mwalimu. Wanaangalia miguu yako na kusikiliza gara zako. Ukikosea wewe, wamekosea wote, na ziwa zima linaimba ovyo.

Maximilla, mshonaji wetu, alinifunga sketi ya katani huku ananicheka.

"Aoko ilikuwa na nyonga," alisema. "Wewe uko na mifupa tu. Ngoja nizungushe kamba mara mbili, isianguke watu waone aibu."

Nikacheza. Sikukosea mahali popote. Nilipoteremka kutoka kwenye kinu, wapiga ngoma walikuwa wanatabasamu, na Mwalimu Gordon alikuwa amevua miwani.

"Dorca," akasema, "siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Karibu na choo, Mwalimu."

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka. Nisiwafiche, nilifurahi sana, na kwa muda wote wa mazoezi sikumkumbuka Aoko hata mara moja. Mkitaka kunitukana, nitukaneni kwa hilo kwanza.

Furaha yangu haikufika jioni. Tulipokuwa tunakunja vitambaa, Mwalimu akapiga makofi tunyamaze.

"Jumapili hakuna mazoezi," akasema. "Tunaenda Seme kumlilia mama wa mwenzetu. Ngoma tubebe. Msiba wa Aoko ni msiba wetu."

Nikakiangusha kitambaa nilichokuwa nakikunja.

Mureithi akainua mkono. Mureithi ndiye anayetupigia kodiani. Baba yake anauza nguo sokoni Kibuye, na kwao ni Nyeri, si huku ziwani.

"Mwalimu, samahani, mimi nauliza tu," akasema. "Nani alisema huyo mama amekufa?"

Watu wakamgeukia kama aliyetukana.

"Dorca," akaendelea, "yule mtu alikuambia nini haswa?"

"Alisema mama ni mgonjwa," nikajibu.

"Sasa mgonjwa na matanga ni wapi na wapi?"

Maximilla akamcheka. "Wewe Mureithi, hii maneno ya huku huwezi kujua. Mtu akikufa, utaambia mtoto yake hivyo hivyo, 'mama yako amekufa'? Aanguke kwa barabara? Unasema ni mgonjwa, aende nyumbani. Yeye mwenyewe ataangalia uso yako, ataelewa."

"Na kama ni mgonjwa kweli?"

"Kama ni mgonjwa kweli, unasema ukicheka kidogo, ndio asiogope."

Mureithi akakuna kichwa. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka kuelewa tu. "Basi Dorca atuambie. Huyo Dishon alikuwa anacheka?"

Ukumbi mzima ukaningoja.

Niliuona muwa. Niliyaona makapi aliyotema mlangoni, na inzi waliokuja juu yake. Mtu hatafuni muwa akileta habari ya kifo. Hata mtoto anajua.

"Sikumwangalia usoni," nikasema.

Huo ndio uongo wangu wa kwanza wa mdomo. Ulitoka bila taabu.

Nikamwomba Mwalimu tusiende Seme mpaka tuitwe, kwa maana wageni wengi ni mzigo kwa wafiwa. Akanisifu kwa busara yangu. "Basi tumlilie hapa hapa," akasema. "Dorca, wewe rafiki yake, tuanzishie."

Nikaanzisha. Ngoma zikaitikia, wanawake wakaitikia, na Mureithi akavuta kodiani kwa masikitiko huku bado uso wake una swali. Machozi yakanitoka, ya kweli kabisa, nikashangaa yametoka wapi.

* * *

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikungoja kifo, aliniumbua mtu aliye hai.

Siku chache kabla ya maonyesho Dishon alirudi. Nilikuwa nje ya ukumbi nafungua gara miguuni, nikaona kivuli kimesimama mbele yangu. Safari hii hakuwa na muwa. Shati lake lilikuwa chafu na macho yamemwingia ndani.

"Dada Dorca," akasema. "Unajua nini ilifanyika kwetu?"

"Sijui."

"Aoko aliteremka kwa basi akilia. Si unajua mtoto wa mwenyewe akisikia msiba, analia kutoka barabarani mpaka kwa boma? Akalia. Wamama kwa shamba wakasikia, wakatupa majembe, wakafuata wakilia. Watu ya soko wakafuata. Mzee mmoja mpaka akafungua ng'ombe yake akaleta. Kijiji mzima ikaingia kwa boma ya mama Aoko ikilia."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Halafu?" nikauliza, ijapokuwa sikutaka kusikia.

"Mama amekaa nje ya nyumba anakunywa uji. Malaria imeisha kitambo. Akaona msichana yake anakuja mbio anaanguka chini, na watu wote nyuma. Akasimama na bakuli yake akauliza, 'Nani amekufa?'"

Nikazikusanya gara mkononi.

"Hakuna mtu alijibu," Dishon akasema. "Nani angejibu? Utaambia mtu ni yeye?"

Mama Aoko yuko hai. Nawaapia, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa furaha. Lakini la pili lilikuja limelikanyaga la kwanza visigino: Aoko atarudi kuchukua gara zake.

Hivyo ndivyo nilivyo, au ndivyo nilivyokuwa. Sina namna nyingine ya kulisema.

"Dada, hiyo ni mbaya sana," Dishon akaendelea. "Kulilia mtu mzima ni kuitia yeye kifo. Wazee wamemfanyia dawa, wamesema mama asisikie tena kilio ya matanga mpaka mwezi ingine ionekane. Na sasa wanauliza, nani alileta hii maneno? Aoko amesema ni Dishon wa Dunga."

"Si wewe ulisema malaria?"

"Nilisema malaria! Wewe ndio uliskia! Lakini nani anaamini mimi? Hata Dunga habari imefika. Wenzangu kwa mashua wamenikataa. Wanasema mdomo yangu imebeba kifo, nikipanda na wao nyavu itatoa maiti. Nikae nchi kavu." Akaelekeza kidole upande wa ziwa. "Mimi tangu utotoni ni maji tu, dada. Nchi kavu nitafanya nini?"

Sikuweza kumtazama.

"Kuja na mimi Dunga sasa," akasema. "Si mbali. Uambie wale watu kitu moja tu: Dishon alisema malaria kidogo. Basi. Mimi nitarudi kwa mashua, na wewe utarudi kwa ngoma yako."

Lilikuwa jambo dogo hivyo. Ila nikisema Dishon alisema malaria, la pili wataniuliza: basi Aoko alisikia wapi msiba?

"Nitakuja," nikasema. "Baada ya maonyesho. Nakuahidi."

"Na leo?"

"Leo nina mazoezi."

Dishon akaziangalia gara mkononi mwangu. "Hiyo ilikuwa ya Aoko," akasema.

"Ndiyo."

"Aaa."

Akaondoka kwa miguu kuelekea Dunga, kwa watu wasiomtaka, na mimi nikazifunga gara tena ingawa ndio kwanza nilikuwa nimezifungua.

Kwenye kikundi sikumwambia mtu kwamba mama yuko hai. Waliendelea kumwita marehemu mbele yangu, nami niliitikia.

* * *

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wa mtaa wetu wa Kaloleni walikuja, wa Obunga walikuja, wachuuzi wa samaki walikuja moja kwa moja kutoka kazini na harufu yao. Mstari wa mbele alikaa mzee mwenye tai aliyetoka Nairobi kuchagua vikundi vya kualikwa huko. Kiti cha kando yake kilikuwa wazi. Hakuna aliyethubutu kukikalia.

Sehemu ya kwanza niliicheza kama mtu anayekimbizwa. Na kweli nilikuwa nakimbizwa. Nilipopanda kinu na kuzunguka, watu walisimama. Mzee wa Nairobi aliacha kujipepea.

Pazia likafungwa tupumzike. Nilikuwa nimeinama nahema, jasho linadondoka sakafuni, niliposikia Maximilla akipiga kelele.

"Wuololo! Marehemu!"

Nikainuka.

Aoko alikuwa amesimama katika mlango wa nyuma. Kando yake alisimama mwanamke mfupi, mnene, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na viatu mkononi. Nyuma yao alikuwa Dishon.

"Marehemu ni nani?" yule mwanamke akauliza. "Hata hapa mji mmenizika?"

Nusu ya ziwa ikakimbilia ukutani. Mwalimu Gordon akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Mureithi peke yake ndiye aliyekwenda kumpa mkono. "Karibu mama," akasema. "Mimi niliuliza, wakanicheka."

Aoko akanijia. Nikafikiri atanipiga. Nilitamani anipige.

Akanikumbatia.

"Pole, Dorca," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka, inakwaruza. "Walikudanganya na wewe pia. Nimejua vile umeumia kwa ajili yangu."

"Aoko..."

"Tulikuwa nje tunakuchungulia. Unacheza vizuri kunishinda." Akapiga magoti, akaanza kunikaza kamba za gara zilizolegea. "Mimi sauti imeisha kwa kulia. Hii ngoma ni yako sasa. Nakuachia na roho safi."

Ndugu wasomaji, nilichokiiba kwa kuinamisha kichwa, mwenyewe alikuwa amepiga magoti ananifunga miguuni. Laiti angekuja akinidai.

"Toka hapo kwanza, nyathina, mtoto yangu," mama yake akamwambia. Akanisogelea. Alikuwa mfupi kunishinda, lakini mimi ndiye niliyeangalia juu na yeye chini. Sijui ilikuwaje.

"Wewe ndiye Dorca?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi mwenyewe ndiye nilituma huyu kijana. Nilimwambia, sema malaria kidogo. Yeye anaapa alisema hivyo hivyo. Mtoto yangu anaapa aliletewa msiba. Mimi sijasoma, lakini nimefikiria hii kitu njia yote kutoka Seme. Kutoka kwa mdomo ya Dishon mpaka kwa sikio ya Aoko, kuna mtu moja tu katikati." Akaninyooshea kidole. "Dishon alikuambia nini?"

Niliinama kama ninayekaza kamba za gara. Zilikuwa zimeshakazwa.

Lakini miguu ilianza kutetemeka, na gara zikaanza kulia. Zililia taratibu, kisha kwa nguvu. Kila mtu nyuma ya pazia akaangalia miguu yangu. Nilijaribu kuikaza, ikazidi.

Dishon alikuwa ananitazama bila hasira. Alikuwa anangoja, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake.

Hapo ngoma ya sehemu ya pili ikapigwa.

"Kila mtu mahali pake!" Mwalimu akafoka. "Ziwa, laleni! Mama, tafadhali, haya mambo baadaye."

"Sina haraka," mama Aoko akasema, bado macho yake kwangu. "Nitangoja."

Aoko akamvuta mkono. "Mama, twende nje. Hii sehemu kuna kilio. Wazee wamesema usisikie."

"Kilio ya nani?"

"Ni mchezo tu. Binti anamlilia mama yake."

"Na nani analia?"

"Dorca."

Mama Aoko akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Mimi nimeliliwa na kijiji mzima nikiwa na bakuli ya uji mkononi. Hii ya tikiti itanifanya nini? Niliona kiti iko wazi pale mbele."

Akavaa viatu vyake. Nikachungulia kwenye pazia nikamwona akipita katikati ya watu, akamsukuma mzee wa Nairobi kwa goti ili apite, akakaa katika kile kiti, mikono juu ya magoti.

* * *

Pazia likafunguliwa.

Nilicheza. Miguu ilikuwa imezoea, haikuningoja mimi. Nilipita katikati ya watu waliolala chini ya buluu, niliimba mama arudi, nilipanda kinu. Wapiga ngoma walifuata gara zangu. Kisha, kama Mwalimu alivyopanga, kila kitu kikanyamaza kwa pamoja, ngoma, kodiani na ziwa, ili kilio changu kianze peke yake.

Hapo ndipo ninapolia.

Niliwaona wote kutoka juu ya kinu. Aoko kwenye mlango wa pembeni, amefumba macho. Dishon nyuma kabisa, kofia mkononi. Na mbele yangu, karibu kiasi cha kuweza kunitemea mate, mama yake Aoko, anaangalia juu.

Nikilia, nitakuwa nimemlilia mwanamke huyu mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wangu, tena mbele ya macho yake. Nisipolia, wenzangu wote watabaki sakafuni na mchezo umekufa.

"Lia," Mwalimu akanong'ona kutoka pembeni.

Sikulia.

"Dorca, lia!"

"Wewe," wimbi moja likasema chini ya kitambaa, "tunakufa na joto huku."

Nikamwangalia mama Aoko. Hakunikunjia uso. Alikuwa anangoja tu, kama alivyosema.

"Hakufa," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ukumbi ulikuwa kimya, ikafika mpaka madirishani.

"Mama hakufa. Aliyeleta habari alisema ni malaria kidogo. Alikuwa anatafuna muwa. Hakukosea hata neno." Gara zilikuwa zinalia tena na sikuzizuia. "Mimi ndiye niliyefunga kitambaa kiunoni. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa. Nilitaka kucheza ngoma hii. Nilitaka ngoma yake."

Mwalimu akashika kichwa kwa mikono miwili.

Kisha mtu mmoja dirishani akapiga makofi. Akaitikiwa na mwingine. Halafu ukumbi wote ukalipuka, watu wamesimama, wanawake wa samaki wanapiga vigelegele. Walifikiri ni mchezo! Mzee wa Nairobi alikuwa anapangusa macho kwa tai yake. Ziwa halikujua la kufanya: nusu wakainuka wakiimba, nusu wakabaki chini wakiulizana.

Dhambi yangu nimeitubu mbele ya watu, na watu wamenishangilia.

Dishon hakupiga makofi. Alikuwa amekaa chini pale mlangoni, amefunika uso kwa kofia, na mabega yake yanatikisika. Aoko alikuwa amefumbua macho. Namna alivyonitazama sitaieleza, sina uwezo huo.

Na mama yake akasimama.

Akafungua kile kitambaa cha kijani kichwani, polepole, makofi yakiendelea pande zote. Akakikunja. Akakizungusha kiunoni na kukifunga fundo.

Kwetu mwanamke mzima hufunga kitambaa kiunoni kwa sababu tatu. Hufunga akienda kulia, hufunga akienda kupigana, na hufunga akienda kucheza ngoma.

Mpiga ngoma mkubwa hakuziangalia tena gara zangu. Alikuwa anaangalia miguu ya mama Aoko, naye mama alikuwa ameshakanyaga ngazi ya kwanza ya jukwaa.